Daktari Anapotia Saini Mateso

Asubuhi ya tarehe 7 Septemba 1977, Dakta Ivor Lang, daktari wa serikali mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini, aliitwa kwenye jengo la Sanlam zilipokuwa ofisi za polisi wa usalama. Aliyemwita alikuwa Kanali Pieter Goosen. Katika chumba namba 619 daktari alimkuta mahabusu wa miaka 30, Steve Biko, kiongozi wa vuguvugu la kujitambua kwa watu weusi. Alimpima. Aliona mdomo uliopasuka, alama ya kugongwa kifuani, makovu mabichi ya pingu kwenye vifundo vya mikono, na mikono na miguu iliyovimba. Aliona pia kwamba mgonjwa anakokota maneno na akitembea anayumba. Baada ya hayo yote, kwa ombi la kanali, aliandika cheti kifupi akisema hakuona kasoro wala dalili ya ugonjwa wowote.

Siku tano baadaye Biko alikuwa amekufa kwa jeraha la ubongo.

Tunapozungumzia mateso ya wafungwa, mawazo huenda moja kwa moja kwa mwenye rungu, mwenye waya wa umeme, mwenye ndoo ya maji. Aliyevaa koti jeupe huwa hatumuulizi kitu. Nataka nieleze kwa nini tunapaswa kumuuliza, na kwa nini imekuwa vigumu mno kumfanya ajibu. Hoja yangu ni kwamba mateso yanayopangwa na dola hayadumu bila msaada wa mtaalamu wa afya. Wenye uwezo wa kwanza wa kuukata msaada huo ni mabaraza ya taaluma, kwa kuwa ndiyo yanayotoa leseni na ndiyo yanayoinyang'anya. Lakini mabaraza hayo, mara nyingi, hayaamki mpaka wanataaluma wenyewe wayaamshe.

Kwa nini mtesaji anamhitaji daktari

Mtu anaweza kudhani kwamba chumba cha mateso na daktari ni vitu visivyokaa pamoja. Ukweli ni kinyume chake. Mtesaji wa serikali ana shida tatu ambazo mtaalamu wa afya ndiye awezaye kumtatulia.

Shida ya kwanza ni maarifa. Mtesaji anataka kujua mwili unavumilia nini, akili inavunjika lini, usingizi ukikatwa siku kadhaa mtu anakuwaje. Hapo huhitajika mtu wa kubuni mbinu. Shida ya pili ni kwamba mahabusu akifa mapema hatoi habari, na kifo chake kinaleta maswali. Hapo huhitajika mtu wa kusema huyu bado anaweza kuendelea, au wa kumzindua aliyezimia ili arudishwe kwenye kiti. Shida ya tatu ni ushahidi. Mwili wa aliyeteswa unaongea, na lazima apatikane mtu wa kuunyamazisha: cheti kinachosema yu mzima, taarifa ya kifo inayotaja moyo kusimama bila kutaja kilichousimamisha, faili lisilo na neno.

Kwa hiyo kuhusika kwa mtaalamu wa afya kuna ngazi. Yuko anayebuni, yuko anayesimamia, yuko anayeficha, na yuko aliyeona akanyamaza. Hatia zao hazilingani, na hukumu ya haki lazima izitenganishe. Lakini hakuna kati yao anayeweza kusema hakuhusika. Kanuni za maadili ya tiba zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1982 zinasema wazi kwamba ni uvunjaji mkubwa wa maadili kwa mhudumu wa afya kushiriki katika mateso, iwe kwa kutenda au kwa kukaa kimya. Miaka saba kabla yake, mwaka 1975, Chama cha Madaktari Duniani kilikuwa kimepitisha Azimio la Tokyo, linalomkataza daktari kutoa maarifa, vifaa au mahali pa kutesea, na hata kuwapo mateso yanapofanyika. Azimio hilo lilikuwa na umri wa takriban miaka miwili siku Lang alipotia saini kile cheti.

Siku tano za Biko

Turudi Port Elizabeth, maana kisa hiki kinaonyesha hatua kwa hatua jinsi daktari anavyoteleza. Biko alikamatwa tarehe 18 Agosti 1977 kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown. Aliwekwa rumande akiwa uchi, kisha akapelekwa jengo la Sanlam kuhojiwa, na huko ndiko alikoumizwa kichwa. Yeye mwenyewe aliwahi kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Natal.

Tarehe 8 Septemba, Lang alirudi pamoja na mkuu wake, Dakta Benjamin Tucker. Walimkuta mgonjwa angali na minyororo, amejikojolea. Tucker alipopima nyayo aliona ishara ambayo mwanafunzi wa udaktari anajua inaweza kumaanisha ubongo umeumia. Biko alipelekwa hospitali ya gereza, na daktari bingwa akamtoa maji ya uti wa mgongo. Yalikuwa na chembe za damu. Hata hivyo Lang aliandika kwenye karatasi za mgonjwa kwamba kipimo hicho kilikuwa cha kawaida, na mgonjwa akarudishwa seli ya polisi.

Tarehe 11 alikutwa sakafuni, macho yamekodoka, povu mdomoni. Tucker alipendekeza apelekwe hospitali. Kanali Goosen alikataa hospitali ya raia akidai mahabusu atatoroka. Daktari akakubali. Biko alilazwa uchi nyuma ya Land Rover, akasafirishwa usiku zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, bila karatasi yoyote ya matibabu. Alifariki huko usiku wa tarehe 12.

Ukitazama mtiririko huo hutaona mahali ambapo madaktari hao walimpiga Biko hata kofi moja. Kila walipofika njia panda walichagua upande wa kanali. Katika uchunguzi wa kifo uliofanyika mwishoni mwa mwaka ule, wakili wa familia, Sydney Kentridge, alimbana Lang hadi akakiri kwamba cheti chake hakikuwa sahihi. Tucker alipoulizwa kwa nini hakusisitiza mgonjwa apelekwe hospitali, alijibu kwamba hakujua kama katika hali ile daktari angeweza kupinga uamuzi wa ofisa wa polisi. Jibu hilo linaeleza tatizo lote. Mgonjwa alikuwa wake, taaluma ilikuwa yake, lakini akilini mwake bosi wa chumba kile alikuwa polisi.

Miaka minane ya kusukumana

Mwezi Desemba 1977 hakimu aliamua kwamba hakuna wa kushtakiwa kwa kifo hicho. Kumbukumbu za kesi zilipelekwa kwa Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno la Afrika Kusini ili lichunguze mwenendo wa madaktari. Hapo ndipo tungetarajia taaluma ijitakase. Kamati ya baraza ilikaa na suala hilo hadi mwaka 1980, ikasema haioni hata hoja ya kuanzia kesi ya nidhamu. Baraza zima likaunga mkono. Chama cha madaktari nacho hakikutaka kulifukua.

Waliokataa kunyamaza walikuwa madaktari wachache. Miongoni mwao walikuwa Frances Ames, bingwa wa mishipa ya fahamu mjini Cape Town, Phillip Tobias na Trefor Jenkins wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na Yosuf Veriava. Walifanya jambo ambalo ni nadra kulisikia: walilishtaki baraza lao wenyewe. Walisema baraza haliwezi kupokea ushahidi wa namna ile kisha likakunja mikono, kwa maana likifanya hivyo linaivunjia heshima taaluma nzima. Mwanzoni mwa mwaka 1985 Mahakama Kuu iliwapa ushindi na kuliamuru baraza lifungue shauri.

Julai 1985 madaktari wote wawili walikutwa na hatia. Lang alionywa na kukaripiwa. Tucker alipewa adhabu ya kusimamishwa miezi mitatu, nayo ikaahirishwa, maana yake angeendelea na kazi. Kelele za umma zilipozidi, mwezi Oktoba baraza likamfuta Tucker kwenye orodha ya madaktari. Ilikuwa imepita miaka minane tangu kifo.

Mwaka 1991 Tucker aliomba radhi hadharani, akakiri kwamba alikuwa amepoteza uhuru wake wa kitaaluma kwa kujiona sehemu ya vyombo vya dola. Alirudishiwa leseni. Mwaka 1995 chama cha madaktari nacho kiliomba radhi, na Juni 1997 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifanya kikao maalumu kuhusu sekta ya afya. Polisi walioomba msamaha wa tume kwa kifo cha Biko walinyimwa mwaka 1999, lakini hakuna aliyefikishwa kortini. Uchunguzi wa kifo chake ulifunguliwa upya Septemba 2025, miaka 48 baadaye.

Somo la kwanza tunalipata hapa. Kinga kubwa ya daktari aliyehusika na mateso haimo katika sheria. Imo katika uchelewaji. Baraza halikuwahi kusema kwamba kuandika cheti cha uongo ni halali. Liliacha tu siku zipite.

Daktari kijana katika ofisi ileile

Wapo wanaowatetea Lang na Tucker kwa kusema zama zile hakuna daktari wa serikali aliyeweza kufanya vingine. Utetezi huu unajibiwa na historia ya mji huohuo, ofisi hiyohiyo.

Mwaka 1985 Wendy Orr, daktari kijana aliyekuwa ndiyo kwanza aanze kazi, aliajiriwa Port Elizabeth chini ya Ivor Lang. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari na magereza yamefurika. Kila asubuhi alipokea mahabusu wenye michirizi ya fimbo mgongoni, nyuso zilizovimba na masikio yaliyopasuka ngoma. Aliwaandika mmoja mmoja. Alipoona malalamiko hayafiki popote, aliapa kiapo mbele ya Mahakama Kuu, akaambatanisha kumbukumbu zake za kitabibu. Mnamo Septemba 1985 mahakama ilitoa amri ya kuwazuia polisi kuwapiga mahabusu. Yeye aliondolewa kwenye kazi ya magereza. Miaka kumi baadaye aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa Tume ya Ukweli na Maridhiano.

Orr hakuwa na cheo, wala ulinzi, wala uzoefu. Alikuwa na kalamu ileile aliyokuwa nayo Lang. Tofauti ni kwamba yeye aliandika alichokiona.

Mzanzibari na wanasaikolojia wawili

Tusidhani haya ni mambo ya makaburu peke yao. Mwezi Machi 2003, Suleiman Abdullah Salim, Mtanzania mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Mogadishu. Alijikuta Afghanistan katika gereza la siri la shirika la kijasusi la Marekani, CIA. Kwa mujibu wa madai aliyoyawasilisha mahakamani baadaye, aliwekwa gizani huku muziki ukipigwa mfululizo, akaning'inizwa kwa mikono, akamwagiwa maji ya baridi, akafungiwa ndani ya sanduku. Aliachiwa mwaka 2008, akapewa barua inayosema si tishio kwa Marekani.

Mbinu za namna hiyo zilibuniwa na wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen. Kabla ya hapo walifanya kazi katika jeshi la anga la Marekani, kwenye mafunzo ya kuwaandaa wanajeshi kustahimili mateso wakitekwa. Maarifa ya kumkinga mtu na mateso yakageuzwa kuwa maarifa ya kumtesa. Ripoti ya kamati ya Seneti iliyotolewa Desemba 2014 ilionyesha kuwa wawili hao hawakuwa na uzoefu wa kuhoji watuhumiwa, na kwamba kampuni yao ililipwa dola milioni 81.

Je, taaluma ilifanya nini? Malalamiko yaliyopelekwa kwenye bodi ya Texas dhidi ya leseni ya Mitchell yalitupwa mwaka 2011. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikana kwa miaka mingi kwamba kimekosea, mpaka uchunguzi huru wa mwaka 2015 ulipobaini kuwa baadhi ya viongozi wake walishirikiana na wizara ya ulinzi ili kanuni za maadili zisibane wahojaji. Mwezi Agosti mwaka ule chama kilipiga marufuku wanachama wake kushiriki katika mahojiano ya usalama wa taifa. Kama ilivyokuwa Afrika Kusini, waliosukuma jambo hili kwa muda mrefu walikuwa wanasaikolojia wenyewe, wengine wakibezwa na wenzao.

Salim hakusubiri chama. Oktoba 2015, yeye na mwenzake kutoka Libya, pamoja na familia ya Mwafghani aliyefia kwenye gereza hilo la siri, waliwashtaki Mitchell na Jessen katika mahakama ya Spokane, jimbo la Washington. Kesi nyingi za mateso za aina hii zilikuwa zimefutwa kwa kisingizio cha siri za serikali. Hii haikufutwa. Jaji aliiruhusu iendelee, na Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa, pande mbili zilipatana kwa masharti ambayo hayakutangazwa. Wanasaikolojia hao walishikilia kwamba waliyotendewa walalamikaji yalifanyika bila wao kujua wala kuridhia. Hata hivyo walilazimika kutoa ushahidi chini ya kiapo na kukubali mapatano, jambo ambalo bodi za leseni hazikuweza kulifanikisha.

Milango mitatu

Kwa muhtasari, aliyeteswa ana milango mitatu ya kumfikia mtaalamu aliyemdhuru.

Mlango wa kwanza ni mahakama ya jinai. Ulifunguliwa Nuremberg mwaka 1946, madaktari wa utawala wa Hitler waliposhtakiwa. Kati ya washtakiwa 23, 16 walitiwa hatiani na saba walinyongwa. Umeendelea kutumika. Juni 2025 mahakama ya Frankfurt ilimhukumu kifungo cha maisha daktari wa mifupa kutoka Syria, kwa mateso na mauaji aliyoyafanya katika hospitali za kijeshi za nchi yake. Alikuwa amehamia Ujerumani na anatibu watu kama kawaida hadi alipokamatwa mwaka 2020. Mlango huu una nguvu, ila ni mwembamba: unahitaji ushahidi usio na shaka, na serikali iliyotesa ndiyo hushika ushahidi.

Mlango wa pili ni madai ya fidia, aliopitia Salim. Mlango wa tatu ni baraza la taaluma. Huu ndio ulio karibu zaidi na ndio ninaoutilia mkazo. Baraza halihitaji kuthibitisha mauaji. Linauliza swali dogo tu: je, mwenye leseni alimtendea mgonjwa kama taaluma inavyotaka? Cheti cha Lang kingeweza kujibu swali hilo kwa siku moja. Chama cha madaktari cha Chile kiliwafukuza baadhi ya wanachama wake kwa kuhusika na mateso wakati Pinochet angali madarakani, kwa hiyo hata hoja kwamba ni lazima kwanza utawala ubadilike haina msingi.

Kalamu ya PF3

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, suala hili halipo mbali. Mwezi Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa. Tamko la kwanza la serikali ya kikoloni lilidai wamekufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliosema walikufa kwa kipigo, na uongo ukaanguka, suala likafika hadi bungeni London. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kifo huumbua pale tu anayepasua maiti anapokubali kusema alichokikuta.

Leo daktari wa Tanzania anajaza fomu ya PF3 na mwenzake wa Kenya anajaza P3. Majeruhi anayeletwa na polisi akiwa na pingu anatibiwa na daktari au ofisa tabibu ambaye pengine yuko peke yake zamu ya usiku, askari amesimama pembeni ya kitanda. Pale ndipo kila kitu kinaamuliwa. Mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza mateso, uitwao Itifaki ya Istanbul, uliotolewa mwaka 1999 na kuboreshwa mwaka 2022, unatoa maelekezo yanayofuatika hata katika kituo cha afya kidogo. Mpime mgonjwa faraghani, askari wakiwa nje ya masikio. Andika maelezo yake kwa maneno yake. Chora kila jeraha kwenye mchoro wa mwili, kwa kipimo na rangi. Kisha sema kama majeraha yanalingana na maelezo hayo, na kwa kiasi gani. Daktari haombwi kumtaja mhalifu. Anaombwa kuandika mwili unasema nini.

Lakini haitoshi kumtaka daktari awe jasiri kisha tukamwacha peke yake. Kama mshahara, uhamisho na nyumba yake vimo mikononi mwa magereza au polisi, tumemweka njia panda ya Tucker. Norway ilihamishia huduma za afya za magereza kwenye mamlaka za kiraia za afya mwaka 1988, na hilo ni jambo linaloigika. Lazima pia sheria imlinde anayetoa taarifa, kwa kuwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 kuhusu wafungwa, zinamtaka mhudumu wa afya aonaye dalili za mateso aziandike na kuzitolea taarifa.

Mabaraza yetu ya madaktari, wauguzi na wanasaikolojia yanapaswa kupokea malalamiko ya mfungwa au ndugu yake bila kumtaka kwanza ashinde kesi mahakamani, kuyasikiliza kwa muda uliowekwa kisheria, na kutangaza uamuzi pamoja na sababu zake. Yakikataa, wenye leseni safi wayafanyie walichofanya Ames, Tobias, Jenkins na Veriava. Leseni ya tiba ni dhamana iliyotolewa na umma, na mfungwa ni sehemu ya umma huo. Aliyeitumia kuficha mateso arudishe leseni, na kama alitenda jinai, ajibu mbele ya jaji kama mtu mwingine yeyote.